Kodi ya Mguu

Nilifika Kakamega kwa safari ya siku tatu, nikiwa na sanduku la mbao, brashi saba zilizoviringishwa ndani ya taulo, na makopo manne ya rangi ya mafuta. Nilitokea Voi. Kopo la nyekundu lilifunguka kabla hatujafika Nairobi, rangi ikatambaa chini ya viti vya daraja la tatu, na mama mmoja aliyezinduka usingizini akabaki akiitazama miguu yake kama anayeihesabu. Niliifuta kwa shati langu moja zuri. Nairobi nikabadili treni, Kisumu nikabadili tena, nikapanda ile ya kwenda Butere, ambayo ilisimama Maseno, Luanda na Yala, na pia mahali ambapo hapakuwa na stesheni yoyote ila mtu mmoja na mfuko wake wa mihogo. Butere reli ikaisha. Sikuwa nimewahi kuona reli ikiisha. Chuma kinakoma, majani yanaanza, na wewe unateremka. Nilisimama pale nikinuka tapentaini mpaka lori la mbolea likanibeba hadi Kakamega, nimekaa juu ya magunia, mvua ya alasiri ikininyeshea kwa utaratibu kabisa, kama iliyotumwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, kidato cha nne nimekimaliza, na ufundi wangu ulikuwa kuandika maneno ukutani: majina ya maduka, bei za kinyozi, kichwa cha ng'ombe kwenye bucha. Mtu aliyekuwa amekaa karibu nami kwenye hoteli moja ya Voi alikuwa ameniambia kwamba ukanda wa miwa unafungua maduka kila wiki. Maneno kama hayo ndiyo yaliyonizungusha nchi hii miaka yote. Hata leo, nikiwa kwenye arobaini na miguu inauma, mtu akinisifia mji nisioujua usingizi unakatika.

Nilipanga chumba Shirere, kwenye ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana, bomba moja katikati. Wapangaji wengi walikuwa wanafunzi. Chumba cha pili kutoka changu waliishi mtu na mkewe waliotoka Musanda, na hao hawakuja mjini kwa kupenda. Mume alikuwa mkata miwa. Jioni moja trela la trekta lililokuwa likiwarudisha yeye na wenzake lilipinduka kwenye kona, na mguu wake wa kulia ukabaki chini ya ubavu wa trela. Walimkata chini ya goti. Hospitali ilimtaka arudi kila wiki kubadilishwa bandeji, na Musanda ni mbali kwa mtu wa magongo, kwa hiyo wakapanga chumba. Mkewe alianza kuuza mboga sokoni. Mimi waliniita fundi, yaani mume aliniita fundi. Mke aliniita shemeji kuanzia siku ya pili, na tangu hapo nikawa nakula kwao obusuma, ugali wa kule, jioni nyingi kuliko nilivyokula kwangu.

Mume alikuwa na wazo moja tu na alikuwa halifichi. Alitaka kinu cha kusaga mahindi. Kuanzia kwake Musanda hadi kinu cha karibu ni mwendo wa saa nzima na debe kichwani, na mwenye kinu hakati miwa, hapandi trela, anakaa kwenye kiti na kuwasha injini.

"Mashine ya kusaga haiulizangi miguu ni mingapi," aliniambia.

Alikuwa amekwenda kuuliza bei Mumias. Alijua bei ya injini ya dizeli, bei ya kinu chenyewe, bei ya mkanda, hata bei ya saruji ya kujengea msingi. Aliijumlisha kichwani kila jioni na jibu lilikuwa lile lile. Kilichobaki ni fidia ya mguu.

Hapo ndipo nilipoingia, na natamani ningebaki nje. Wiki chache kabla nilikuwa nimemwandikia wakili mmoja kibao, ghorofani, karibu na barabara inayokwenda Shieywe. Nilimpelekea mchoro wenye mizani na herufi za urefu wa mkono. Akacheka kwa upole. Wakili haruhusiwi kujitangaza, akasema. Nataka jina, chini yake neno "wakili", basi, kibao kisizidi sinia. Nilimwandikia kibao kidogo cheusi chenye herufi nyeupe, na kusema kweli ni moja ya kazi zangu nzuri. Nilimsimulia jirani yangu habari hiyo kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Kibao ni kidogo?" akauliza.

"Kama sinia ya chai."

"Basi huyo nipeleke. Mwenye kibao kikubwa anatakanga pesa kubwa."

Nilimweleza kwamba ni sheria, kwamba wote wana vibao vidogo. Hakusikia. Kesho yake nilimpeleka, tukapanda ngazi moja baada ya nyingine, na wakili akatupokea vizuri, akamwita mzee ingawa walikuwa rika moja. Akamwambia hatatoa hata senti, kila kitu kitashughulikiwa mbele. Akampa karatasi. Jirani yangu akaweka dole gumba, akajifuta wino kwenye suruali. Hakuuliza ilisema nini, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nikiangalia kama herufi zangu kule mlangoni zinaonekana vizuri kutoka ndani.

Kesi ilichukua mwaka na miezi. Jirani yangu alimwita "wakiri", kama wengi wa kule wanavyobadilishana hizo herufi mbili, na baadaye nilikuja kuona kwamba hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe hasa, maana kwake watu huenda kukiri. Kila tarehe tulikwenda mahakamani tukakaa kwenye benchi, kesi ikaahirishwa, tukarudi. Halafu siku moja karani wa wakili alitusubiri kwenye ngazi na kusema kampuni ya bima imekubali nje ya mahakama. Kiasi fulani, akakitaja, "pamoja na gharama."

Kiasi kilitosha kinu. Kilitosha na kikabaki kidogo. Lakini lililowafurahisha zaidi wote wawili ni hilo neno la mwisho. Gharama. Usiku wa siku hiyo hakuna aliyelala kwa sababu ya gharama, na asubuhi niliitwa nije na daftari.

"Andika, shemeji," mke akasema. "Magongo jozi mbili, ya kwanza ilivunjika. Baisikeli za kumpeleka hospitali, kila wiki, weka mwaka mzima. Mafuta ya taa. Sabuni. Halafu ingokho."

"Kuku wa nini?"

"Watu walikuja Musanda kumpa pole. Ulitaka wale nini, hewa? Andika ingokho kumi na moja."

"Jogoo aandikwe peke yake," mume akasema kutoka kitandani. "Jogoo si sawa na kuku."

Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu wa mabango, mistari imenyooka, jogoo peke yake. Nilijua kitu hakikai sawa. Nilikuwa na shaka kwamba gharama wanayosema mahakamani si kuku. Lakini nilikuwa nimeombwa niandike, na mimi nikiombwa niandike huandika.

Mkewe alikuwa na siku ya soko, kwa hiyo tulikwenda wawili. Wakili alilipokea daftari letu kwa mikono miwili, akalisoma lote, hata jogoo. Kisha akaeleza. Gharama ni pesa ambazo aliyeshindwa hulipa kwa ajili ya kazi ya wakili wa aliyeshinda. Bima ilikuwa imeshazilipa, na zilikuwa zimeshaingia zinapostahili kuingia. Kisha akatusogezea karatasi nyingine. Hii ilikuwa hesabu ya fidia yenyewe, na ndani yake, chini, kulikuwa na mstari unaoonyesha ada ya wakili. Ilikuwa theluthi. Na baada ya theluthi kulikuwa na barua, simu, kupiga chapa na safari, kila moja na tarakimu zake.

Jirani yangu alinitazama nimsomee. Nikamsomea. Akaanza kujumlisha, na nilijua anajumlisha nini: kinu, injini, mkanda, saruji. Jibu halikuwa lile lile tena.

"Muulize," akaniambia.

Nikamuuliza. Kama bima imekulipa gharama, hii theluthi ni ya nini tena?

"Zile ni gharama za upande na upande," wakili akasema. "Hizi ni za wakili na mteja. Na mteja alikubali." Akaonyesha alama ya dole gumba kwenye ile karatasi ya kwanza. Halafu akasema kwa Kiingereza, bila hasira, kwamba kama mteja haridhiki ana haki ya kutaka bili ipelekwe takseshen.

Jirani yangu akaniuliza amesema nini.

Hapa ninasimama kila mara ninapolikumbuka. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Tax nilijua ni kodi tangu darasa la sita. Nikajibu haraka, kwa sauti ya mtu anayejua: "Anasema usipokubali, itatozwa kodi."

Wakili alinisikia. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa, alikuwa amezungumza nasi Kiswahili saa nzima. Alichukua kalamu yake, akaifunika kifuniko, akaifunua. Hakunisahihisha.

Jirani yangu aliteremka ngazi moja moja hadi chini. Babake, aliniambia pale, aliwahi kukaa siku mbili ndani ya shamba la mtama akiwakimbia watu wa kodi ya kichwa, na siku ya tatu walimkuta tu, wakamfunga kamba na wenzake, wakapitishwa njia kuu watoto wakitazama. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao watoto. "Sasa wanataka kodi ya mguu," akasema. "Na mguu wenyewe hata sina."

Alikataa kupokea hundi siku ile, alikataa pia kusaini, akasema atafikiria. Kwa muda wa wiki kadhaa fidia ilikaa kwa wakili, na sisi tukakaa Shirere tukigombana kuhusu theluthi. Nilikuwa nimechoka na habari hiyo. Nilikuwa nikiamka na theluthi, nanawa uso na theluthi, na kwenye bomba wanafunzi walikuwa wameanza kuniita "bwana bili".

Kisha nikapata kazi ya kuandika upya namba za vyumba mahakamani. Nilikuwa juu ya stuli, naandika saba, wakati mzee mmoja wa masjala, mahali wanapotunza mafaili, alipoleta chai yake mlangoni na kuanza mazungumzo. Nikamsimulia kisa chote, pamoja na ile kodi. Akaweka kikombe chini.

"Nani alikwambia ni kodi?"

"Takseshen," nikasema.

"Takseshen si kodi, wewe. Ni bili ya wakili kupelekwa kwa naibu msajili wa mahakama. Anaipitia mstari kwa mstari. Kilichozidi anakikata. Na hiyo theluthi," akaanza kucheka, "hiyo theluthi ndiyo ya kwanza kukatwa. Wakili haruhusiwi kugawana fidia na mteja hivyo, hata kama mteja ameweka vidole kumi."

Nilimaliza ile saba vibaya. Mkia wake umekwenda kushoto, na kama hawajapaka tena ukuta ule bado umekwenda kushoto. Nilishuka, nikaacha stuli pale, nikaenda Shirere karibu mbio.

Nilimkuta jirani yangu kwenye bomba, amekaa kwenye jiwe, mguu mmoja kwenye karai, wapangaji watano sita wamesimama na ndoo zao. Ningengoja. Ningemwita chumbani. Lakini nilikuwa nimejaa habari, nikasema hapo hapo, mbele ya wote, kwamba nilikosea, kwamba takseshen ndiyo dawa yenyewe, kwamba inamkata wakili na si yeye, tukatake tarehe kesho.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Fundi, jana ilikuwa kodi. Leo si kodi. Kesho itakuwa nini?"

Mwanafunzi mmoja akacheka.

"Nilikosea," nikasema.

"Wamekupa ngapi?"

"Nani?"

"Watu wa kodi. Ulikuwa huko mahakamani siku tatu unawachorea milango."

Wote wakacheka, naye akacheka pia, na nadhani alitaka liwe mzaha. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba haendi. Alirudia, akiinua mguu wake kutoka kwenye karai: takseshen haendi. Mkewe aliporudi sokoni alikuta habari imeshazunguka vyumba vyote vinane. Aliweka kikapu chini akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "hicho Kizungu unakijua ama unakichoranga tu?"

Niliokota kikapu chake nikakiingiza ndani.

Mke ndiye aliyelipeleka jambo mbele. Alinisindikiza masjala, yule mzee akatusaidia kuandika barua, mume akaweka dole gumba baada ya siku mbili za kununa kwa sababu mkewe alimwambia ni barua ya kumharakisha wakili. Hiyo ilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Wakili akatakiwa kuleta bili yake, tarehe ikapangwa. Kwa muda wote huo mimi nilikuwa nikimweleza jirani yangu, asubuhi, jioni, tukila. Nilimchorea kwenye karatasi: huyu wakili, huyu wewe, huyu naibu msajili na mkasi. Aliutazama mkasi.

"Mkasi unaelekea kwangu," akasema.

"Nimeuchora vibaya tu. Unaelekea kwake."

"Wewe unachoranga vizuri siku zote. Huu ndio uchore vibaya?"

Nilitaka kuchana ile karatasi. Huwezi kubishana na mtu wa namna hiyo. Kila ulilo nalo analigeuza, na hana ubaya wowote. Anakumegea kipande kikubwa cha kuku huku akikataa.

Siku ya tarehe alivaa koti. Alikubali kwenda kutazama tu, akasema. Ataona mwenyewe ni ofisi ya aina gani. Tulikwenda watatu, yeye mbele kwa magongo. Nje ya chumba kulikuwa na ubao wa matangazo, na kwenye ubao karatasi yenye orodha ya mambo ya siku hiyo. Juu ya orodha, kwa herufi kubwa za taipu, kulikuwa na neno lenyewe zima, kwa Kiingereza. Alisimama mbele yake.

Hakuwa msomaji. Lakini kila mwisho wa mwezi, miaka kumi na miwili, mkandarasi wa miwa alikuwa amempa kijikaratasi cha malipo, na kwenye kijikaratasi hicho kulikuwa na safu moja ya makato ambayo hakuipenda kamwe. Aliinua gongo moja, akagusa ubao kwa ncha yake, chini ya herufi tatu za kwanza.

"Fundi. Mimi sikusoma. Lakini hizi tatu nazijua."

"Ni mwanzo wa neno tu," nikasema. "Endelea mbele. Neno halijaisha."

"Mwanzo unatosha."

Mkewe alimshika mkono wa koti. "Ingia, baba. Ingia uketi, usiseme kitu. Shemeji ataongea."

"Shemeji ndiye aliyeongea mara ya kwanza."

Karani akafungua mlango akaita namba ya faili letu. Niliingia, nikamwomba anayehusika atupe dakika mbili. Naibu msajili aliyekuwa mezani, mtu mtaratibu, miwani puani, akasema mteja mwenyewe aingie, hawezi kusikiliza jirani. Nikatoka. Koti halipo. Mkewe alikuwa ameshuka ngazi akimwita, nami nikamfuata, na wote wawili tukaona mgongo wake ukivuka barabara. Sikujua mtu wa mguu mmoja anaweza kwenda kasi hivyo. Alikuwa akielekea kule ghorofani, kwenye kibao kidogo.

Tulipofika juu alikuwa ameshakaa kitini. Barua ilikuwa tayari, imepigwa chapa, wakili hakulazimika hata kuinuka. Ilisema mteja amepokea hesabu, ameielewa, ameridhika nayo, na hana malalamiko yoyote. Wino ulikuwa bado mbichi kwenye kidole chake. Mbele yake kulikuwa na hundi.

"Tumemaliza," akatuambia, kwa furaha ya mtu aliyefunga goli. "Wakiri amesema nikisaini hapa, hakuna cha takseshen tena. Hata shilingi moja serikali haipati."

Nikamtazama wakili. Alikuwa akipanga mafaili. "Nimemwambia ukweli," akasema, na ulikuwa ukweli.

Nilirudi mahakamani peke yangu. Mtu mwenye miwani akasoma nakala ya barua ambayo karani wa wakili alikuwa ameshaileta, akaniuliza kama mteja alilazimishwa. Nikasema hapana. Alidanganywa? Nikafikiria. Nikasema hapana, nilimdanganya mimi. Akaniangalia kidogo, akafunga faili, akasema mteja akibadili nia aje mwenyewe.

Hakubadili nia. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mateso yangu hasa, kwa sababu sasa alikuwa mtu mwenye furaha. Alisimulia kwenye bomba jinsi alivyowatoroka. Alisimulia mpaka wanafunzi wakamwomba arudie ile ya gongo na ubao. Na kila aliposimulia alinitaja: kwamba isingekuwa fundi kumwambia mapema kwamba ni kodi, angeingia mle ndani kama kondoo, mguu na pesa vyote vikaliwa. Wageni wakaja kunishika mkono. Baba mmoja wa Musanda, ambaye mwanawe alikuwa na kesi yake ya trela, aliniletea mayai na kuniuliza njia ya kuiepuka hiyo takseshen. Nilimweleza ukweli kwa saa nzima. Aliitikia kila neno, na alipoondoka akamwambia jirani yangu kwamba fundi ni mtu mzuri lakini anaogopa wakubwa.

Wakarudi Musanda. Hundi ilinunua kinu, mkanda na saruji. Injini ilibaki Mumias. Angeinunua msimu unaofuata, miwa ikilipa. Miwa haikulipa msimu ule, na uliofuata ililipa nusu.

Nilianza kusikia habari nzuri za Kitale. Mtu mmoja alinieleza kwamba kule kuna maduka ya mbegu na dawa za mifugo yanafunguliwa, kuta ndefu, nyeupe, hazijaguswa. Nilifunga brashi zangu. Nilikuwa nimekaa Kakamega muda mrefu kuliko mji wowote tangu nitoke nyumbani, na bado huwa naikumbuka vibaya, yaani naikumbuka sana: harufu ya udongo ile saa tisa mvua inapoanza, na moshi mtamu unaokuja na upepo wakati wa kuchoma miwa. Lakini sikuweza tena kusikiliza asante.

Niliamua kupitia Musanda kuaga, kisha nishike gari la Bungoma barabarani. Kibanda cha mabati kilikuwa kimejengwa vizuri. Kinu kilikuwa kimefungwa kwenye msingi wa saruji kwa boliti nne, kimepakwa grisi kisishike kutu, na pembeni palikuwa na msingi mwingine, mdogo, boliti zake zimesimama wima bila kitu juu yake. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya hiyo misingi miwili. Alinishika mkono hakuuachia.

Walinichinjia. Majirani wawili waliitwa. Wakati tunanawa mikono akawaambia, "Huyu ndiye aliyeniokoa na kodi."

Nilifungua mdomo. Mkewe aliweka sahani mbele yangu, obusuma juu yake unafuka moshi, paja la kuku pembeni, akasema, "Kula, shemeji, safari ni ndefu." Nikala. Unga ulikuwa mzuri, umesagwa laini. Nilijua umetoka kwenye kinu cha mwendo wa saa nzima.

Mke alinisindikiza mpaka barabarani, debe la mahindi kichwani, kwa sababu njia ya kinu na njia yangu ilikuwa moja hadi hapo. Tuliposimama akaliteremsha debe, akazungusha shingo.

"Mimi kodi siogopi," akasema. "Pale sokoni askari wa manispaa alinikatia risiti kila siku. Nililipa, na bado niliuza. Ungeniambia mimi."

"Nilikwambia."

"Uliniambia baadaye. Ulikuwa umeshamwambia kwenye bomba, na watu wamecheka. Yeye akishakataa mbele ya watu, harudi. Mimi ningemwingiza mle ndani hajajua ni wapi." Akafikiria kidogo. "Ama ningekwenda mwenyewe na magongo yake, nimwache chumbani asiweze kukimbia."

Gari la Bungoma lilitokea kwenye kona, taratibu, nyuma ya trekta lenye miwa. Alinisaidia kuinua sanduku. Kisha akachuchumaa, akaliinua debe hadi gotini, kutoka gotini hadi kichwani, akashika njia yake kabla konda hajafunga mlango.